Kanuni ya Jasho

1

Barua ya kumwachisha kazi Mama Lugano iliandikwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla hata mwenyewe hajafika kazini. Hakuiandika mtu. Iliandikwa na mtambo, na mtambo huo niliutengeneza mimi.

"Bado haijatumwa," Meneja Nsajigwa aliniambia, akigeuza kioo cha mezani kwake ili nisome. "Itatumwa saa kumi na moja jioni, robo ya mwaka ikifungwa. Leo ndiyo siku yake ya majaribio. Akipata safari moja tu inayofika arobaini, barua inajifuta."

"Kwa sasa ana ngapi?"

"Thelathini na saba. Mwaka jana alikuwa akiivuka arobaini kwa shida."

Nilivuta kiti nikakaa. Ukitaka kuelewa kwa nini nilikaa, lazima kwanza uijue Isanga ya Juu. Ni mtaa uliopandana mgongoni mwa mlima Loleza, nyumba juu ya nyumba, na kuufikia unapanda ngazi mia nne na kumi na mbili. Roboti za magurudumu huishia ngazi ya kwanza. Ndege za mizigo zilipigwa marufuku na wakazi wenyewe, walipochoka kuamshiwa watoto. Kwa hiyo sisi wa Kampuni ya Mlangoni, pamoja na mitambo yetu yote ya kujivunia, bado tunategemea magoti ya binadamu.

Kila mbebaji huvaa kizibao chepesi cha kijivu. Ndani yake mna nyuzi zinazosikiliza moyo, zinazopima pumzi na kuonja chumvi ya jasho. Kizibao kinajua moyo wako hupiga mara ngapi ukiwa umetulia, kisha kinapima umeuvuka utulivu huo kwa kiasi gani ukiwa kazini. Jibu lake ni namba moja, kati ya sifuri na mia. Sisi tunaiita namba ya jasho, na nyongeza ya mshahara huifuata hiyo. Anayebaki chini ya arobaini kwa robo tatu mfululizo hupewa siku moja ya majaribio, na baada ya hapo mkataba wake unakwisha.

Sikuibuni kanuni hiyo kwa ubaya. Nilianza hapa nikiwa mbebaji wa miaka ishirini, na msimamizi wetu alikuwa na wapwa wanne. Wapwa wote wanne walipata nyongeza. Mimi na miguu yangu tuliambiwa tuzidi kujitahidi. Nikaapa kwamba siku nikipata nafasi, nitatengeneza kitu kisichomjua mpwa wa mtu, kitu kitakachoutazama mwili tu na kusema: huyu ametoka jasho, mlipeni. Nilipopata nafasi nikakitengeneza, na wabebaji wakanibeba juujuu pale uani. Siku ile nililia kwa furaha, sifichi.

Ndiyo maana jambo la kwanza nililomwambia meneja asubuhi ile, ambalo hadi leo linanitia aibu, lilikuwa hili: "Mtambo haukosei. Labda umri umemfikia."

Nsajigwa ni mtu mpole, mwoga kidogo, na hupenda kufutafuta miwani yake anapotaka kusema jambo zito. Akaivua.

"Ana miaka kumi na tisa hapa, Sekela. Ndiye aliyekufundisha kufunga mkanda wa mzigo."

"Najua."

"Basi panda naye leo. Huu mwaka wa tatu tangu uweke kanuni yako, na sijakuona kwenye zile ngazi hata mara moja."

2

Mama Lugano nilimkuta uani akifunga mzigo wake. Jina lake kwenye mtambo ni Subilaga Mwakalinga, umri hamsini na saba, lakini hakuna anayemwita hivyo. Ni mwanamke mfupi, wa mabega mapana, mwenye kilemba cha kijani ambacho nadhani amezaliwa nacho.

"Shikamoo, Mama Lugano."

"Marahaba, mwanangu. Leo umetoka kwenye vioo vyako?"

"Leo nataka kupanda nawe."

Alinitazama viatu, akacheka kimoyomoyo. Akajibebesha kilo ishirini na tano mgongoni: unga wa lishe, dawa za watu wawili na jozi za viatu vya shule. Kuhusu barua hakujua lolote. Sheria inasema mtu asiambiwe siku yake ya majaribio, asije akajikamua kwa makusudi. Sheria hiyo nayo niliitunga mimi.

Ngazi ya mia moja ilinikuta nahema kama mbwa wa jua kali. Yeye alikuwa ananiuliza habari za mama yangu.

"Mzima? Mguu wake?"

"Mz... mzima."

"Mwambie nitapita Jumapili. Polepole, mwanangu, ngazi hazina haraka na mtu."

Nilimtazama anavyopanda. Hakupanda wima kama mimi. Alikwenda mshazari, ngazi hii kulia, ile kushoto, na kila hatua mzigo ulilalia upande wa mguu uliokuwa umenyooka. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba na mimi alinifundisha hivyo, miaka kumi na minane iliyopita, na kwamba nilikuwa nimeshasahau. Mkononi nilishika kioo kidogo kinachoonyesha namba za vizibao vyote vya Isanga. Ya kwake ilisoma thelathini na nane. Nikamwombea kimyakimya ipande mbili tu.

Ngazi ya mia tatu ina uwanja mdogo wenye ukuta wa kukalia. Wabebaji wanauita Kitako. Kutoka pale zimebaki mia moja na kumi na mbili, na hizo ndizo kali. Hata wakazi hupumzika kwanza kabla ya kuzianza. Nilijua kwa hesabu kwamba hapo ndipo namba za watu wote huruka. Nikasema moyoni, sasa atavuka.

Tulipoingia Kitako, vijana wawili walikuwa wanashuka kutoka juu, mikono mitupu, wamemaliza safari yao. Mmoja ni Ipyana, miaka ishirini na minne, mnene na mcheshi. Mwingine ni Tumpe, binti mrefu mwenye sauti ya kwaya. Walipomwona Mama Lugano walianza kukimbia.

"Shikamoo mama! Lete, lete!"

"Marahaba, wanangu. Jamani, si mmeshapanda nyie?"

"Lete mama."

Ipyana akamtua mzigo mgongoni kabla hajamaliza kusema. Tumpe akachukua mkoba wa dawa. Wakageuka wakaanza kupanda upya zile ngazi walizokuwa wamezishuka sasa hivi. Mama Lugano akashukuru kwa Kinyakyusa, "ndaga, wanangu," akawafuata nyuma akipunga mikono mitupu, uso umemng'aa.

Nami mikono yangu, nikwambie ukweli, ilikuwa imeshaanza kunyooka kumpokea. Nani kati yetu hakulelewa hivyo? Ukimwona mtu mzima anakuja na mzigo, huulizi, unakimbia unampokea. Asiyekimbia anaulizwa kwao ni wapi.

Nikatazama kioo. Namba ya Mama Lugano ilishuka kutoka thelathini na nane hadi thelathini, kisha ishirini na mbili. Ya Ipyana ilikuwa imefika themanini na tatu.

"Huwa wanakupokea kila siku?" nilimuuliza.

"Kila siku, na kila safari. Wakiwa wamepishana nami, wananisubiri hapa Kitako. Watoto wazuri hawa. Wazazi wao walifanya kazi."

Nikakaa kwenye ukuta. Kwa miaka mitatu, zile ngazi kali, zinazolipa kuliko zote, hakuwa amezipanda na mzigo hata siku moja. Ipyana alipata nyongeza mara tatu, Tumpe mara nne, Mama Lugano hakupata kitu. Heshima yao kwake ndiyo iliyokuwa ikila nyongeza yake, na mtambo wangu uliandika yote bila kupepesa.

3

Mchana niliwaita Ipyana na Tumpe nyuma ya jiko la kituo, wakiwa na sahani zao za ndizi na maharage. Niliwaeleza yote, pamoja na barua. Sheria haikuniruhusu kusema, lakini siku ile nilikuwa nimeshachoka na sheria zangu.

Tumpe aliweka sahani chini. Ipyana aliendelea kushika kijiko hewani, kimesimama.

"Kwa hiyo tumemwibia," Tumpe alisema.

"Hamkujua."

"Tumemwibia tu, dada. Kujua na kutojua ni mambo ya mahakamani."

Kwenye mtambo jambo hilo lilikuwa na jina baya zaidi: udanganyifu. Kifungu cha tisa kinasema mbebaji hatabeba mzigo ulioandikishwa kwa kizibao cha mwenziwe, na adhabu yake ni kufukuzwa. Nilikiweka ili wapwa wa wasimamizi wasipokezane mizigo kijanja. Sikuwahi kufikiri kwamba kitawakuta watoto wenye adabu.

"Amebakiwa na safari moja," nikawaambia. "Ya saa tisa. Ni betri ya jua ya zahanati, kilo ishirini na tano. Msimpokee."

"Nimtazame tu?" Ipyana alisema. "Mama wa watu ana betri mgongoni, mimi nitembee mikono mitupu?"

"Leo tu, Ipyana."

"Mama yangu akisikia atanilaani, dada Sekela. Hatangoja hata nieleze."

"Nitakwenda kumweleza mwenyewe."

"Tunapanda naye basi," Tumpe alisema. "Hatugusi mzigo, ila tunapanda naye. Akiteleza tuwe karibu."

Sikuwa na kifungu cha kuwakataza kupanda ngazi.

4

Saa tisa tukapanda wanne: Mama Lugano mbele na betri, mimi ubavuni, vijana nyuma. Hadi Kitako kila kitu kilikuwa cha kawaida. Aliniuliza tena kuhusu mguu wa mama, nikamjibu tena kwa vipandevipande.

Pale Kitako alisimama. Akalegeza mkanda wa kifuani kidogo, kama alivyozoea, akageuza bega kuelekea kwa Ipyana. Ipyana hakusogea. Alikuwa ameikunja mikono nyuma, anatazama vidole vya miguu yake. Mama Lugano akamtazama Tumpe. Tumpe naye akageukia mlima.

Muda ule ulikuwa mfupi, lakini nisingependa kuurudia.  Mama Lugano akakaza mkanda wake tena akaanza kupanda.

Watu wa Isanga ya Juu hukaa milangoni jioni. Mama mmoja aliyekuwa anachambua mchele alituona akasimama, ungo mkononi.

"Nyie vijana! Macho hamna? Mama anabeba, nyie mnamsindikiza?"

"Shikamoo," Ipyana alisema kwa sauti ndogo.

"Sitaki shikamoo yako! Kwenu hawakukufundisha?"

Ipyana alikuwa analowa. Jasho lilimtiririka shingoni, na kila Mama Lugano alipoinua mguu, yeye aliinua mikono kidogo kisha akaikumbuka akairudisha nyuma. Tumpe alikuwa anapanda akiwa amefumba macho nusu. Mama Lugano alikwenda mshazari, kulia, kushoto, kulia, bila haraka. Alifika ngazi ya mwisho, akaingia zahanati, akatua betri, akamsalimia mganga na watu wote waliokuwa kwenye foleni, mmoja mmoja. Hakuwa anahema.

Nikafungua kioo. Mama Lugano, mwenye kilo ishirini na tano mgongoni, kwenye ngazi kali kuliko zote za mji wa Mbeya: thelathini na tisa. Tumpe, mikono mitupu: sabini na tisa. Ipyana, mikono mitupu: themanini na sita.

Nilisoma mara tatu. Kizibao hakikuwa kibovu. Kilikuwa kinapima kile nilichokifundisha kupima. Moyo wa Ipyana ulikuwa umekimbia kwa aibu na hofu, na mtambo ukamwandikia ameteseka sana, alipwe. Moyo wa Mama Lugano ulitulia, kwa sababu kazi ile anaijua, na mtambo ukamwandikia ni mvivu.

5

Saa kumi na nusu nilikuwa ofisini kwa Nsajigwa. Aliziangalia zile namba kwa muda mrefu, akavua miwani.

"Mapigo yake ya kupumzika yameandikwa hamsini na nne," alisema. "Ukiyaandika hamsini, thelathini na tisa inakuwa arobaini na tatu. Funguo unazo wewe. Mimi natoka kuangalia kama gari la Uyole limefika."

"Gari la Uyole linafika Ijumaa."

"Basi nitaliangalia hadi Ijumaa." Akatoka.

Nilifungua ukurasa wa Mama Lugano. Ilikuwa kazi ya tarakimu mbili. Nilimpenda yule mama, na kwa dakika nzima kidole changu kilikaa juu ya kioo. Kilichonizuia hakikuwa uadilifu; nisijipambe. Ni kwamba nilifungua orodha ya vituo vingine, nione kama kuna mwingine atakayehitaji tarakimu mbili. Vituo kumi na viwili. Nikatazama waliokuwa chini kabisa kwa kila kituo, robo baada ya robo. Karibu wote walikuwa wa miaka kumi na tano kazini, kumi na saba, ishirini. Orodha hizo nilikuwa nikizisoma kila baada ya miezi mitatu, na kila mara nilisema ni umri. Barua kumi na tisa zilikuwa zimeshatumwa. Watu kumi na tisa waliojua kazi kuliko wote walikuwa wamekwenda nyumbani wakiamini kuwa hawakujitahidi.

Mlango ulifunguliwa bila hodi. Alikuwa Mama Lugano, na nyuma yake vijana wake wawili, vichwa chini.

"Sekela, niambie wewe, maana hawa wamekuwa mabubu. Nimewakosea nini? Leo wameniacha Kitako kama hawanijui."

Macho yake yalikuwa na maji. Nilikuwa nimemwona akibeba friji bila kukunja uso, lakini hili lilimuumiza. Nikamweleza yote tangu mwanzo: namba, barua, safari ya majaribio, moyo wake na moyo wa Ipyana. Sikumficha kwamba kanuni ni yangu. Alisikiliza hadi mwisho, kisha hakunigeukia mimi. Aliwageukia wao.

"Mlikuwa mnanipokea kwa sababu mlidhani nimechoka?"

"Ndiyo, mama," Ipyana alisema.

"Sijachoka hata siku moja, wanangu. Kwa mzigo ule nawapita nyie wote."

"Sasa mbona ulikuwa unatupa?"

Alivuta kiti akakaa, akafungua kilemba chake akakifunga upya. Sikuwahi kuziona nywele zake. Zilikuwa nyeupe zote.

"Lugano yuko Tunduma, mdogo wake yuko Dar. Nyumbani nikifika hakuna wa kunipokea hata kitunguu. Halafu pale Kitako nawaona nyie mnakuja mbio, mnasema lete mama, lete. Ningewanyima?" Akajifuta macho kwa kiganja. "Ningejua namba yangu inashuka, bado ningewapa."

Tumpe akapiga magoti pale pale sakafuni akamkumbatia miguu. Ipyana akageukia ukutani. Mimi nilikuwa nalia zamani.

"Nyongeza ya watoto usiiguse," Mama Lugano aliniambia. "Kama ni kuondoka, nitaondoka mimi. Nimekula chumvi nyingi hapa."

"Siwezi kukuokoa peke yako," nikamwambia. "Kuna njia moja tu. Nisimamishe kanuni yote, vituo vyote. Ikisimama, barua zote zinasimama. Lakini na nyongeza zote zinasimama, hata zilizokwisha kutolewa zitakaguliwa upya. Na mimi nitaitwa makao makuu Dodoma kujieleza."

"Usifanye hivyo."

"Simamisha, dada," Ipyana alisema, bado anatazama ukuta.

Tumpe aliinuka kutoka sakafuni. Najua alikuwa anawaza nini. Alikuwa ametoka kuhamia chumba chenye bomba la ndani, cha kwanza maishani mwake. "Simamisha," akasema.

"Nyie watoto mna wazimu!" Mama Lugano alisimama kwa hasira ya kweli. "Nani amewaomba?"

"Hakuna, mama," Tumpe alisema. "Nawe hukutuomba kukupokea."

Ilikuwa saa kumi na dakika hamsini na tatu. Nikafungua ukurasa wa kusimamisha, ambao niliutengeneza miaka mitatu nyuma nikiwa na hakika hautatumika. Uliniuliza aina ya hitilafu. Nikaandika: kanuni inamwadhibu anayejua kazi. Ukaniuliza jina la aliyesababisha. Niliandika langu, herufi kwa herufi, nikakubali.

Barua ya Subilaga Mwakalinga ilififia kwenye kioo cha meneja, ikapotea. Kisha zikapotea na nyingine, za Kyela, za Tukuyu, za Uyole. Namba za jasho zikazimika zote. Hata ratiba ya zamu, iliyokuwa ikipangwa kwa namba hizohizo, ikabaki nyeupe tupu. Huko nje nilimsikia Nsajigwa akiita jina langu kwa sauti ya mtu aliyepigiwa simu tatu kwa mkupuo.

Mama Lugano hakuelewa yote yaliyotokea kwenye kioo, lakini alielewa nyuso zetu. Akaniuliza kwa upole, kama mtu asiyetaka kusumbua:

"Kwa hiyo mwanangu, kesho nije saa ngapi?"

Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu hapakuwa na mtambo wa kumjibu.

"Saa moja, Mama Lugano," nikasema. "Njoo saa moja."